Fundi wa Shule: Historia ya Ufa Usio na Mwajiriwa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tulifundishwa tukiwa watoto, na wengi wetu tulifundishwa tukiwa tumeketi katika vyumba vyenye nyufa. Viongozi wetu wanaipenda. Huitumia wanapozungumzia rushwa, maadili, umoja wa kitaifa na mambo mengine mengi. Nadra sana kuisikia ikitumika kwa maana yake ya asili, yaani ufa ulio ukutani na mtu mwenye mwiko, saruji na mshahara wa kuuziba. Leo naomba tuirudishe methali hii nyumbani kwake. Swali langu ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: katika shule za umma za Tanzania, ni nani ameajiriwa kuziba ufa?

Nilisoma sekondari katika shule moja ya bweni miaka ya 1980. Shule hiyo sitaitaja, kwa kuwa yaliyoipata yalizipata shule nyingi. Tulikuwa na mtu tuliyemwita Fundi tu, kana kwamba hilo ndilo jina aliloitwa na mama yake. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye ovaroli iliyofifia na bunda la funguo kiunoni. Saa kumi na mbili jioni aliwasha injini ya dizeli iliyotupa umeme, na saa nne usiku aliizima. Mchana aliendesha pampu iliyopandisha maji kutoka mtoni hadi kwenye tangi. Kabla ya masika alipanda juu ya paa, akazoa majani yaliyoziba gata, akagongomea misumari iliyolegea. Vitasa, bawaba, vioo vya madirisha, fyuzi na koki vyote vilikuwa mikononi mwake. Alikuwa na daftari la jalada gumu, na ndani yake aliandika tarehe, jengo, kilichoharibika na kilichotumika kukitengeneza.

Fundi alistaafu nikiwa kidato cha tatu. Hakuletwa mwingine. Tulimwaga kwa chai na maandazi, tukaimba, tukapiga makofi. Miezi michache baadaye pampu ilianza kuvuja mafuta. Kila aliyepita karibu aliona doa likipanuka sakafuni, lakini kwa kuwa halikuwa jukumu la mtu yeyote, likawa jambo la kutazamwa. Siku injini ilipokwama kabisa tuliambiwa kwamba kifaa ambacho bei yake ilikuwa ndogo mno kilikuwa kimechakaa, na uchakavu wake ukaua kifaa kikubwa. Kuanzia hapo tulichota maji mtoni kwa ndoo hadi tulipomaliza shule. Somo hilo la uchumi sijalisahau, na sikulipata katika kitabu.

Ili kuelewa jinsi tulivyofika hapa, hatuna budi kurudi nyuma. Shule za mwanzo za mtindo wa kisasa katika nchi hii zilizaliwa pamoja na karakana. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868, waliwafundisha watoto waliokombolewa utumwani kusoma, kulima na kufanya kazi za ufundi. Wabenediktini waliofika kusini walijenga Peramiho kuanzia 1898 na Ndanda kuanzia 1906, na miongoni mwao walikuwapo mabruda waliokuwa maseremala, waashi na wahunzi kwa taaluma. Utawala wa Wajerumani nao ulifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukitafuta makarani na mafundi wa kuendesha dola yake. Katika misheni hizo, mjenzi wa jengo aliishi kando ya jengo. Mvua iliponyesha naye alilowa. Hilo pekee lilitosha kumfanya ajali ubora wa kenchi na mabati aliyoyapandisha.

Hata hivyo, tusiipake rangi historia hiyo. Ufundi uliofundishwa kwa Mwafrika ulikuwa pia kipimo cha mahali alipotakiwa akomee. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ikapendekeza elimu ya vitendo inayolingana na maisha ya kijijini. Mapendekezo hayo yalikuwa na hekima ndani yake, lakini Waafrika wengi waliyatazama kwa mashaka, na walikuwa na haki. Waliona kwamba mwenye kalamu ndiye aliyetoa amri, na mwenye randa ndiye aliyeamriwa. Mzazi aliyetaka mwanawe awe karani hakuwa mvivu wala mwenye kiburi. Alikuwa amesoma ramani ya mamlaka ya zama zake, akajua njia ya kwenda juu inapitia wapi. Dharau tuliyo nayo leo kwa mtu wa spana na bisibisi ina mizizi katika hesabu hiyo. Mkoloni aliipanda, nasi tumeendelea kuimwagilia maji.

Chini ya Waingereza, majengo ya serikali yalikuwa chini ya idara iliyoshughulikia kazi za umma, barabara na majengo kwa pamoja. Shule ya serikali kama Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikuwa mali ya dola iliyotaka mali yake idumu. Shule hizo zilikuwa chache mno, na kwa uchache huo zilitunzika. Mwaka 1951 ilifunguliwa shule ya ufundi Ifunda, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1957 ikafuata ya Moshi. Kutoka huko walitoka waashi, maseremala, mafundi bomba na mafundi mitambo ambao waliibeba nchi changa katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Katika miaka ya 1960 shule hizo ziligeuzwa kuwa sekondari za ufundi. Mhitimu wake akawa na cheti kilichomfungulia mlango wa kuendelea na masomo, na hilo lilikuwa jema. Lakini kila mlango tuliomfungulia fundi ulikuwa wa kumtoa katika ufundi. Hatukumfungulia hata mmoja wa kupanda cheo akiwa ndani yake.

Likaja Azimio la Arusha Februari 1967, na mwezi mmoja baadaye Mwalimu Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Naomba wanafunzi wangu wausome upya kwa jicho la mada hii. Mwalimu alipinga elimu inayomtenga kijana na kazi, akataka kila shule iwe jamii yenye shamba au karakana. Alihoji pia ulazima wa shule za sekondari kuwa na watumishi wa kufagia na kutunza bustani ilhali vijana wenye nguvu wamo humo. Nia yake ilikuwa njema, nami naikubali: kijana anayefagia bweni lake anajifunza heshima ya kazi. Lakini kufagia ni kitu kimoja, na kutengeneza pampu, kubadilisha nyaya za umeme au kupima kama kenchi imeliwa na mchwa ni kitu kingine. Katika utekelezaji, mstari kati ya vitu hivi viwili ulififia. Wazo kwamba shule inaweza kujitunza yenyewe liligeuka taratibu kuwa wazo kwamba shule haihitaji mtu wa kuitunza.

Mwaka 1969 Sheria ya Elimu iliiwezesha Serikali kuzichukua shule za binafsi zilizokuwa zikipata ruzuku, nyingi zikiwa za misheni. Hatua hiyo ilivunja ubaguzi wa kidini katika kupata elimu, na tukiitazama kwa haki tutasema ilisaidia kujenga taifa moja. Lakini shule ya misheni ilipochukuliwa, yalichukuliwa madarasa, mabweni na walimu, ilhali karakana na mabruda wake mara nyingi vilibaki upande wa pili wa ua. Dola ilirithi jengo bila kurithi utaratibu uliokuwa ukilifanya lisimame.

Kisha kukawa na Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wananchi walifyatua matofali, wakasomba mawe na mchanga, wakasimamisha kuta kwa mikono yao. Sijui nchi nyingi za hali yetu zilizoweza jambo kubwa kama hilo kwa muda mfupi namna hiyo. Nasi tuliozaliwa na wazazi wasiojua kusoma ni matunda yake. Lakini mpango ule ulihesabu vyumba, walimu na wanafunzi. Jengo la tofali za udongo lililoezekwa kwa haraka linahitaji uangalizi kuliko la mawe, na ndilo lililopewa uangalizi mdogo zaidi. Kijiji kilijenga kwa kujitolea, na ikadhaniwa kitatunza kwa kujitolea milele.

Hapo ndipo uchumi ulipotupiga. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, kuporomoka kwa bei za mazao yetu na makosa yetu wenyewe ya kiutawala viliikausha hazina. Mwaka 1986 tuliafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya 1990 ukaja upunguzaji wa watumishi wa umma ulioondoa makumi ya maelfu ya watu kazini. Katika upunguzaji wa namna hiyo, anayeanza kuondoka ni yule ambaye kutokuwapo kwake hakuonekani kesho yake asubuhi. Mwalimu asipokuwapo, darasa linapiga kelele siku hiyohiyo. Fundi asipokuwapo, paa linanyamaza. Linanyamaza mwaka wa kwanza, linanyamaza wa pili, na siku linapoongea limekwisha kuanguka. Ndiyo maana matengenezo ndilo fungu la bajeti lililo rahisi kuliko yote kukatwa: halina mtetezi, kwa kuwa hasara yake huja baada ya mkataji kuhamishwa.

Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ukatekelezwa kuanzia 2002 hadi 2006. Vyumba vya madarasa vilijengwa kwa maelfu. Ilianzishwa pia ruzuku ya uendeshaji ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambayo wakati huo ilikaribia shilingi 10,000, na sehemu yake ilikusudiwa ukarabati mdogo. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000, wakati thamani yake ilikuwa imeshuka hadi chini ya dola 5. Kati ya hizo, 4,000 zilikuwa za vitabu na hazikufika shuleni moja kwa moja. Tufanye hesabu ya darasa la tatu. Shule yenye wanafunzi 600 ingepokea shilingi milioni 3.6 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo mwalimu mkuu anunue chaki na karatasi, achape mitihani, aendeshe michezo, alipe gharama za ofisi, kisha kinachobaki atengeneze paa. Mwalimu mkuu mwenye busara hulitazama paa, akamwomba Mungu.

Tumeendelea kujenga. Mwaka 2021 Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga vyumba 15,000 vya madarasa kwa mpigo, na watoto waliosoma chini ya miti walipata paa. Vingi vilijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule au halmashauri hununua vifaa yenyewe na kuwalipa mafundi wa mtaani. Utaratibu huo una fadhila zake: gharama hupungua, na fedha hubaki kwa vijana wa eneo husika. Lakini tazama kinachotokea siku ya makabidhiano. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, na fundi aliyejua wapi saruji ilipungua na wapi mbao ilikuwa mbichi anachukua timazi yake na pima maji yake anakwenda zake. Ujuzi wa jengo lile unaondoka ndani ya kichwa chake. Hakuna daftari linalobaki.

Baadhi yenu mtasema kwamba nazungumzia rangi na vioo, na kwamba taifa lina mambo makubwa zaidi. Naomba tukumbuke Shauritanga, Rombo, Juni 1994, ambako zaidi ya wasichana 40 waliteketea bwenini. Tukumbuke Idodi, Iringa, Agosti 2009, ambako wasichana 12 walikufa kwa moto uliohusishwa na mshumaa. Kwa majirani zetu Kenya, tukumbuke Kyanguli, Machi 2001, ambako wavulana 67 walikufa. Moto wa Kyanguli uliwashwa kwa makusudi, na uhalifu ule ni uhalifu. Lakini waliokuwa ndani walikutana na mlango uliofungwa na madirisha yenye nondo. Anayewasha moto ni mmoja. Mlango usiofunguka huwa umesubiri miaka mingi. Mshumaa huingia bwenini pale taa inapokosekana. Nondo huwekwa dirishani kuzuia wezi, na asiyekuwapo ni mtu wa kusema, kwa mamlaka ya kazi yake, kwamba nondo hizi lazima zifunguke kutoka ndani. Fundi wa shule anayejua kazi yake ni mlinzi wa maisha, hata kama siku nyingi anaonekana akipaka grisi bawaba.

Kuna hoja moja inayostahili jibu la heshima, nayo inatoka kwa watumishi wenzetu walioko halmashauri. Wanasema: hatuna walimu wa hisabati wa kutosha, mnataka tuajiri mafundi? Hoja hii ni ya kweli na haijibiwi kwa hasira. Nami sidai kila shule ya msingi iwe na fundi wake. Nadai kata iwe naye. Kata ina mtendaji, ina afisa elimu, na nyingine zina afisa ugani na afisa maendeleo ya jamii. Shule, zahanati na ofisi za kata hiyo ni mali ya umma yenye thamani ya mamilioni mengi, na katika safu yote hiyo hakuna fundi wa kuizungukia. Tangu VETA ianzishwe kwa sheria ya mwaka 1994 tumefundisha vijana useremala, uashi, umeme na bomba. Wako mitaani, wakisubiri kuitwa kwa kibarua cha siku mbili.

Ajira hiyo ikiambatana na mambo mawili itakuwa na maana. La kwanza ni daftari la jengo, kwa kila jengo, linaloonyesha lilijengwa lini, kwa vifaa gani, na lilikaguliwa mara ya mwisho na nani. La pili ni kanuni kwamba hakuna chumba kipya kinachoidhinishwa bila fungu la kukitunza kwa miaka inayofuata, lililoandikwa katika bajeti hiyohiyo. Mkopo unaojenga bila kutunza unaweza kuacha deni lililo na umri mrefu kuliko paa. Watoto wetu watalipa riba ya chumba ambacho wajukuu wetu hawatakiona.

Kwenu wanafunzi, hasa mnaokwenda kufundisha: katika wiki yenu ya kwanza kazini, zungukeni jengo zima kabla ya kuzunguka mtaala. Fungueni kila mlango kwa mkono wenu, kutoka ndani. Kwenu wanaharakati: mnapofuatilia bajeti ya elimu, msiishie kuuliza vimejengwa vyumba vingapi. Ulizeni vya miaka 10 iliyopita viko katika hali gani, na nani analipwa kuvitazama. Kwenu watumishi wa umma: mkato mnaoutia saini leo katika fungu la matengenezo hautawaumbua nyinyi. Utamwumbua mwalimu mkuu ambaye bado hajaajiriwa.

Miaka michache iliyopita nilipita katika shule niliyosoma. Mapokezi yalikuwa ya ukarimu, na kulikuwa na jengo jipya la maabara lenye kibao cha uzinduzi. Niliomba nioneshwe karakana ya Fundi. Ilikuwa imejaa madawati mabovu hadi darini, yakisubiri mtu wa kuyapigilia misumari. Nilipouliza kuhusu daftari lake la jalada gumu, hakuna aliyejua kwamba liliwahi kuwapo. Wakati wa kuaga, mwenyeji wangu alivuta mlango wa karakana mara tatu, ukagoma kufungwa. Bawaba ya juu ilikuwa imeng'oka. Alichukua jiwe, akauegemeza.